Mgeni wa Tovuti Yako Sasa Si Mtu

Kwa zaidi ya miaka 20 wenye tovuti na injini za utafutaji waliishi kwa mapatano ambayo hakuna aliyewahi kuyatia saini. Mwenye tovuti alisema: ingia, soma kurasa zangu zote, nakili unachohitaji, sitakutoza. Injini ikajibu: nami nitakuletea watu. Juu ya mapatano hayo yakajengwa magazeti ya mtandaoni, maduka, kamusi, majukwaa ya mafundi wa kompyuta, na ajira za watu wengi ambao hawakujua kwamba riziki yao inategemea ahadi ya mdomo. Siku hizi upande mmoja bado unakuja kusoma, tena kwa kasi kuliko zamani, ila watu hauwaleti kama ulivyokuwa ukiwaleta.

Kila mwaka unapoanza hutolewa orodha za teknolojia mpya za wavuti: miwani ya uhalisia pepe, tovuti zinazoongea, rangi zinazobadilika zenyewe kulingana na mwanga wa chumba. Nyingi ni mapambo. Badiliko lenye uzito ni moja, nayo mengine yanalizunguka: anayefungua tovuti anazidi kuwa mashine, na binadamu anapokea kile ambacho mashine hiyo imekwisha kukitafuna.

Google ilianza kuweka muhtasari ulioandikwa na akili mnemba juu ya matokeo yake nchini Marekani Mei 2024, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya ChatGPT kuzinduliwa. Kituo cha utafiti cha Pew kikachunguza jinsi watu wazima 900 wa nchi hiyo walivyoperuzi Machi 2025. Pale ambapo muhtasari haukuonekana, mtu alibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 15 ya utafutaji wake. Ulipoonekana, ikashuka hadi asilimia 8. Viungo vilivyowekwa ndani ya muhtasari wenyewe, vile vinavyotajwa kila mara kama ushahidi kwamba wenye tovuti hawajasahaulika, vilibofywa katika asilimia 1 tu. Google iliupinga utafiti huo, ikidai njia iliyotumika ina kasoro. Sawa, tuseme namba hizo zinaweza kusogea kidogo huku au kule. Mwelekeo wake haushangazi: mtu akishapata jibu, ana sababu gani ya kuendelea na safari?

Na hapa siwezi kuwalilia wote. Sehemu kubwa ya kurasa zilizopoteza wasomaji zilijitakia. Unauliza swali la sentensi moja, tuseme namna ya kubadilisha faili kutoka aina moja kwenda nyingine, unapelekwa kwenye ukurasa wenye utangulizi wa aya sita. Dirisha la kwanza linataka ukubali vidakuzi (cookies). La pili linataka barua pepe yako. Video uliyokuwa huihitaji inaanza kucheza kwenye kona. Jibu lenyewe limezikwa chini kabisa, ili macho yako yapite kwanza kwenye matangazo yote. Kurasa za namna hiyo ziliandikwa zipendwe na injini, wala hazikuwahi kumfikiria msomaji. Aliyeandika kwa ajili ya mashine asishangae mashine ikisoma, ikaelewa, ikamaliza kazi bila kumwita mtu.

Wanaoumia bila kosa ni wengine. Wikipedia ni mfano mzuri kwa kuwa haina matangazo na haimwekei msomaji vikwazo vyovyote. Aprili 2025 taasisi inayoiendesha, Wikimedia Foundation, ilieleza kwamba tangu Januari 2024 data inayopitishwa kwa ajili ya kupakua picha na video zake imeongezeka kwa asilimia 50, na ongezeko hilo limetokana hasa na roboti, yaani programu zinazokusanya maudhui ya kufundishia mifumo ya akili mnemba. Roboti zilikuwa kama asilimia 35 ya kurasa zinazofunguliwa, lakini zilibeba asilimia 65 ya trafiki iliyo ghali zaidi kuihudumia.

Tofauti hiyo ya 35 na 65 inahitaji maelezo, maana ndiyo inayoonyesha roboti inavyofanya kazi. Binadamu husoma yale yanayosomwa na wenzake. Kukitokea kifo cha mtu mashuhuri au fainali ya kombe, mamilioni hufungua ukurasa uleule, na nakala yake huwa imekwisha kuhifadhiwa kwenye seva iliyo karibu nao, kwa hiyo kuutoa ukurasa huo mara ya pili au ya milioni hakugharimu chochote cha maana. Roboti haina mada inayoipenda. Inapita kila mahali, pamoja na kurasa ambazo hazijaguswa kwa miaka, na kila ukurasa wa namna hiyo lazima uagizwe kutoka kituo kikuu cha data. Ndiyo maana mgeni wa aina hii humgharimu mwenyeji kuliko wageni wengine wote. Oktoba mwaka huohuo taasisi hiyo ikatangaza kwamba kurasa zinazofunguliwa na binadamu zimepungua kwa takriban asilimia 8 zikilinganishwa na miezi kama hiyo ya 2024. Ni hao binadamu ambao kesho wangekuwa wahariri na wachangiaji. Roboti haichangii, wala haisahihishi tarehe iliyokosewa.

Chombo ambacho wenye tovuti wamekuwa nacho kujilinda ni dhaifu tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 1994 mhandisi Martijn Koster alipendekeza kila tovuti iweke faili dogo linaloitwa robots.txt, lenye kueleza roboti ziingie wapi na zisiingie wapi. Ilichukua hadi 2022 pendekezo hilo kuandikwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti, na hata hivyo limebaki kuwa ombi. Roboti yenye adabu hulitii. Isiyo na adabu hulipita, na kampuni yenye haraka ya kufundisha mfumo wake ina kila kishawishi cha kulipita.

Julai 1, 2025 Cloudflare, kampuni inayosimama mbele ya tovuti nyingi mno duniani kuzikinga na mashambulizi, ilitangaza kwamba tovuti mpya zinazojiunga nayo zitafungiwa roboti za akili mnemba mpaka mwenyewe aruhusu. Ikaanzisha pia majaribio ya kuzitoza kwa kila ukurasa zinaousoma. Teknolojia waliyoichagua inafurahisha kwa wanaopenda historia. Ni namba 402, ndugu yake 404 tunayoifahamu sote pale ukurasa unapokosekana. Maana yake ni kwamba malipo yanatakiwa, na viwango vya wavuti vya miaka ya 1990 viliitaja vikasema imetengwa kwa matumizi ya baadaye. Baadaye hiyo imefika, ila mlipaji si yule aliyetarajiwa.

Je, itafaa kitu? Hapa wachambuzi wengi wanachanganya makundi mawili ya wenye tovuti ambao maslahi yao hayafanani hata kidogo.

Kundi la kwanza linauza maarifa yenyewe: gazeti, jarida, mtafiti, mwandishi wa kozi, mtunzi wa kamusi. Kwao maandishi ndiyo bidhaa. Mashine ikishayasoma na kuyasimulia, bidhaa imekwisha kuchukuliwa kaunta. Gazeti la New York Times liliishtaki OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, pamoja na Microsoft Desemba 2023 kwa hoja za namna hiyo. Kwa kundi hili kufunga mlango na kudai malipo kuna mantiki, ingawa nina mashaka na hesabu za wadogo. Gazeti kubwa linaweza kukaa mezani na kujadili mkataba wa mamilioni. Mwandishi mmoja mwenye kurasa 300 nzuri kuhusu magonjwa ya mimea hana wa kukaa naye mezani, na akiufunga mlango wake hakuna mfumo utakaotikisika.

Kundi la pili linauza kitu kingine kabisa, na tovuti yake ni kibao tu cha kuonyesha njia. Fundi bomba, hoteli, kliniki ya meno, mshonaji, shule ya udereva. Mtu wa kundi hili hana hasara yoyote mashine ikisoma saa zake za kazi na kumwambia mteja. Kwake hasara ni kinyume chake: mashine ipite isielewe, au isome ikakosea. Akisikia kelele za wachapishaji naye akafunga roboti zote, atakuwa amejitoa kwenye mazungumzo ambayo wateja wake wanayafanya kila siku na simu zao. Nimeona wamiliki wa biashara ndogo wakiwasha kinga hizo kwa sababu tu wamesoma mahali kwamba akili mnemba inaiba. Inaiba, ndiyo, lakini kwao hakuna cha kuibiwa.

Kwa kundi hili la pili kazi ya kufanya haina mvuto wowote, pengine ndiyo maana haifanyiki. Bei iandikwe kwa maandishi, isiwe ndani ya picha. Ukurasa wa huduma useme huduma ni ipi kabla ya kusema kampuni ina maono gani. Tangu 2011 Google, Microsoft na Yahoo walikubaliana juu ya msamiati wa pamoja uitwao schema.org, ambao humwezesha mwenye tovuti kuieleza mashine waziwazi kwamba namba hii ni bei, hii ni simu, na huu ni muda wa kufungua. Haugharimu chochote. Tovuti nyingi zilizolipiwa fedha nyingi za ubunifu hazinao.

Kuna jambo hapa linaniudhi kidogo. Kitufe kisicho na jina, picha isiyo na maelezo, fomu ambayo visanduku vyake havijaandikwa ni vya nini: hayo yote yamekuwa yakiwazuia watu wasioona kutumia wavuti, na miongozo ya kuyaepuka ipo tangu 1999. Kila mwaka shirika la WebAIM hukagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja, na mwaka 2025 lilikuta makosa yanayotambulika katika asilimia 94.8 ya kurasa hizo. Sasa OpenAI imetoa kivinjari chake, ikawaambia wenye tovuti kwamba lebo zilezile zinazotumiwa na visoma-skrini vya wasioona ndizo zitakazokisaidia kuelewa vitufe na fomu zao. Ghafla makampuni yanauliza namna ya kuweka lebo. Robo karne maombi ya binadamu yalipuuzwa, likafika ombi la roboti likasikilizwa. Basi, walau wasioona watafaidika.

Pamoja na hayo wameibuka wauzaji wa huduma ya kukufanya utajwe na akili mnemba. Wengi wao ndio walewale waliokuwa wakiuza nafasi ya kwanza kwenye Google, wamebadilisha neno kwenye ankara. Mifumo hii hujibu tofauti kwa swali lilelile ikiulizwa mara mbili, kwa hiyo anayekuahidi nafasi ya kudumu ndani yake anakuuzia kitu asichoweza kukipima.

Upande wa pili wa shilingi ni pale biashara yenyewe inapoiweka mashine mlangoni kupokea wateja. Kesi ya Air Canada iliyoamuliwa Februari 2024 na baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia inapaswa kusomwa na kila anayefikiria kuweka chatboti. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliiuliza chatboti ya shirika hilo kuhusu nauli nafuu za wafiwa. Ikamjibu kwamba anaweza kukata tiketi kwa nauli ya kawaida kisha akaomba kurudishiwa tofauti ndani ya siku 90. Jibu hilohilo lilikuwa na kiungo cha ukurasa wa shirika, na ukurasa huo ulisema kinyume: maombi ya baada ya safari hayakubaliwi. Shirika likakataa kulipa. Mbele ya baraza likatoa hoja kwamba chatboti hiyo ni kama chombo kinachojitegemea, chenye kuwajibika kwa matendo yake. Baraza likaikataa hoja hiyo, likasema shirika linawajibika kwa kila kilichomo kwenye tovuti yake, kiwe kimetoka kwenye ukurasa wa kawaida au kwa chatboti. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, kama dola 812 za Kanada. Hoja iliyoshindwa ndiyo yenye thamani, kwa sababu wengi bado wanaitegemea kimyakimya. Wanaweka maandishi madogo chini ya dirisha yasemayo msaidizi huyu anaweza kukosea, wakidhani wameshajivua wajibu.

Hatua inayofuata tayari imeanza: mashine haitajibu tu, itanunua. Septemba 2025 OpenAI iliwawezesha wateja wa Marekani kununua bidhaa za wauzaji wa Etsy, soko la mtandaoni, bila kutoka ndani ya ChatGPT. Wakati huohuo Perplexity, kampuni nyingine ya akili mnemba, ilikuwa na kivinjari chake, Comet, ambacho unakiagiza kifungue tovuti, kichague na kuweka oda kwa niaba yako, kama wakala. Novemba mwaka huo Amazon ikaishtaki Perplexity, ikilalamika kwamba wakala huyo anaingia dukani kwake akijifanya binadamu anayetumia kivinjari cha kawaida. Perplexity ikajibu kwamba wakala wa mtumiaji ana haki zilezile alizonazo mtumiaji mwenyewe.

Ukiweka kando lugha ya kisheria, utaona Amazon inalinda nini. Mwaka 2024 ilipata zaidi ya dola bilioni 56 kutokana na matangazo, mengi yakiwa yale yanayokaa katikati ya bidhaa unazozitafuta. Binadamu huyaona, na mara moja moja hushawishika. Wakala anatafuta betri aliyoagizwa, anaikuta, analipa, anaondoka. Biashara nzima ya kumtega mteja akiwa njiani, kuanzia punguzo linalohesabu dakika hadi kile kitufe cha kukataa kilichofifishwa rangi, imejengwa juu ya udhaifu wa macho na subira ya mwanadamu. Kwa hilo mimi niko upande wa wakala bila kusita.

Ninachokihofia ni kwamba wakala naye hudanganyika, na namna yake ya kudanganyika ni ngeni kwetu. Agosti 2025 watafiti wa kivinjari cha Brave, ambao ni washindani wa Comet na hilo likumbukwe, walionyesha jaribio hili. Waliweka maoni kwenye jukwaa la mijadala la Reddit, na ndani yake wakaficha maagizo ambayo msomaji wa kawaida asingeyaona. Mtumiaji akafungua ukurasa huo na kuomba kitu kisicho na hatia: nifupishie. Wakala akasoma ukurasa, akakutana na maagizo yaliyofichwa, akayatii. Alikwenda kwenye akaunti ya mtumiaji akachukua anwani ya barua pepe, akaomba msimbo wa kuingilia, akafungua Gmail iliyokuwa wazi tayari, akausoma msimbo, kisha akaurudisha pamoja na anwani kama jibu chini ya yale maoni. Zaidi ya kuomba ufupisho, mtumiaji hakufanya chochote. Kiini cha tatizo ni kwamba mifumo hii hupokea agizo la bwana wake na maneno ya mtu baki kwenye mkondo mmoja wa maandishi, na bado haijapata njia ya uhakika ya kuyatenganisha. Kasoro moja inaweza kuzibwa, chanzo chake kikabaki palepale.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni nyepesi: kivinjari chenye wakala hakikai na akaunti za benki wala barua pepe ya kazi. Kifanye utafiti, kilinganishe bei. Malipo nitabofya mwenyewe.

Niseme neno moja la shukrani katikati ya haya. Funguo za siri, ule utaratibu wa kuingia kwenye akaunti kwa alama ya kidole au uso badala ya nywila, ni kati ya mabadiliko machache ya miaka hii yaliyokuja bila makelele na yakamsaidia mtu wa kawaida. Apple, Google na Microsoft walitangaza kuuunga mkono kwa pamoja Mei 2022. Tovuti bandia haiwezi kukuibia ufunguo, kwa kuwa ufunguo hufanya kazi kwenye anwani halisi tu. Kama benki yako au duka lako la mtandaoni linautoa na hujauwasha, uwashe leo.

Hofu nyingine ni wachache wanaoshika milango. Oktoba 20, 2025 hitilafu katika eneo moja la vituo vya data vya Amazon huko Virginia, ambavyo hubeba huduma za kampuni nyingine nyingi, ilizima huduma duniani kote, kuanzia michezo ya mtandaoni hadi Snapchat. Haukupita mwezi, Novemba 18, ikawa zamu ya Cloudflare, na ChatGPT pamoja na X zikayumba. Chanzo cha hitilafu hii ya pili kinahusiana moja kwa moja na mada yetu: ni faili la mfumo wa kutambua roboti, lililovimba ghafla hadi likazidi ukubwa ambao programu iliruhusiwa kulipokea. Kinga dhidi ya roboti iliwafungia nje binadamu. Kadiri tovuti zinavyokimbilia kwa walinzi walewale wawili watatu, ndivyo kosa la fundi mmoja litakavyozidi kuwa tatizo la kila mtu.

Turudi kwa mwenye biashara ndogo, maana kesi ya Amazon na Perplexity itakapomalizika itakuwa imemgusa yeye kuliko inavyodhaniwa. Air Canada imetufundisha kwamba mashine ya muuzaji ikisema uongo, muuzaji analipa. Mashine ya mnunuzi ikikosea, ikaagiza viatu jozi 40 badala ya 4, nani alipe? Mteja atasema sikuagiza mimi. Aliyetengeneza wakala ataonyesha masharti ambayo mteja aliyakubali bila kuyasoma. Muuzaji atakuwa amekwisha kufunga mzigo na kuutuma. Asisubiri mahakama imtafutie jibu. Masharti yake ya mauzo yanaweza kusema kuanzia sasa kwamba oda iliyowekwa na programu inahesabiwa ni ya mwenye akaunti, kwamba oda inayozidi kiasi fulani haisafirishwi mpaka mtu athibitishe kwa simu, na kwamba mzigo ukirudishwa nauli ya kuurudisha ni ya nani.